Rola za Asali

Mfanyabiashara wa vyuma chakavu alikuja na lori kutoka machimbo ya Geita. Aliingia katika banda la chapa la misheni yetu, akachota herufi za kuchapia kiganjani kama mtu anayekagua choroko sokoni.

"Risasi safi hii," alisema.

Wavuvi wa ziwani waliitaka risasi iwe vizito vya nyavu zao. Chuma cha mashine kingekuwa mitwangio ya kupondea mawe ya dhahabu. Yeye naye alikuwa na mabati, na paa la zahanati ya masista lilikuwa limeoza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na bati lilikuwa kitu cha kusimuliwa tu.

Paroko alinigeukia. Kati ya wote waliowahi kupanga herufi mle ndani, mimi tu ndiye niliyekuwa bado naishi karibu na misheni.

"Mama, mashine isiyochapa ni chuma," alisema. "Nionyeshe ukurasa mmoja unaosomeka kabla lori halijarudi na mabati. Ukishindwa, wagonjwa kwanza."

Alisema kweli. Mwanangu mwenyewe alilazwa katika zahanati ile msimu wa mvua uliopita, beseni la kukinga matone likiwa katikati ya kitanda chake na cha jirani. Lakini kazi ile ndiyo niliyoijua, na sikuwa tayari kuiona ikipakiwa kwenye lori.

Niliingia banda lile miaka ya sitini, msichana niliyetoka shule karibuni. Tulichapa katekisimu, vyeti vya ubatizo, kalenda na kadi za harusi za watu wa Ushirombo na kwingineko. Bruda aliyetufundisha alitulazimisha kusoma mistari kichwa chini, maana ndivyo herufi zinavyokaa mkononi mwa mpangaji. Mpaka leo naweza kusoma gazeti la mtu aliyeketi mbele yangu bila yeye kujua. Makasha ya herufi yaliletwa kutoka Ulaya, yamejazwa kufuatana na lugha za huko. Kwa Kiswahili herufi a zilikuwa zikituishia ukurasa wa pili ukiwa nusu. Basi tukazoea kwenda ukurasa kwa ukurasa: panga, chapa, osha, rudisha kila herufi katika chumba chake, anza tena.

Miaka ya sabini kazi zote zikahamishiwa mjini, kwenye mashine za umeme zilizomaliza kwa asubuhi moja kazi yetu ya wiki nzima. Banda likafungwa. Kisha ukaja wakati ambapo mjini nako hakukuwa na vipuri wala umeme wa kutegemea, na wanakwaya wetu wakawa wananakili nyimbo kwa mkono, kila mmoja na makosa yake. Jumapili ungeweza kusikia ubeti mmoja ukiimbwa kwa maneno ya aina tatu.

Nilimtumia salamu mwendesha mashine wetu wa zamani, aliyekuwa fundi baiskeli Kagongwa. Alifika juu ya lori la pamba, mfuko wa spana begani. Yeye ni Msukuma, na tangu nikiwa msichana alizoea kuniita mayu, yaani mama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umezeeka, mayu."

"Na wewe je? Hizo mvi, au kichwa umekipaka risasi?"

Alicheka, kisha akafungua mlango wa banda. Nyigu walikuwa wamejenga viota vya matope ndani ya makasha. Mashine kubwa ilikuwa imepasuka fremu, haina dawa. Ile ndogo ya kukanyaga kwa mguu ilikuwa na kutu tu. Tuliifungua, tukaiosha kwa mafuta ya taa, na gurudumu likazunguka. Tatizo lilikuwa rola, zile zinazopaka wino juu ya herufi. Panya walikuwa wamezitafuna zikabaki fimbo za chuma.

"Si ajabu," alisema. "Rola ni gundi na sukari guru. Hata mimi njaa ya mwaka ule nilizitamani."

Bomba la kumiminia rola, kalibu yetu, lilikuwepo. Gundi tungeweza kuitengeneza, maana hapa kwetu ngozi za ng'ombe hazijawahi kukosekana. Tulichemsha mabaki ya buchani mpaka masista wakafunga madirisha kwa sababu ya harufu. Lakini sukari ya aina yoyote ilikuwa adimu.

"Tutie asali," nilisema. Katika misitu ya upande wetu mizinga ni mingi kuliko nyumba.

"Asali kwenye mashine? Mayu, bruda angetufukuza."

"Bruda alikuwa na sukari."

Rola za kwanza zilitoka laini, zinang'aa, tukajisifu. Usiku mvua ya kwanza ikanyesha, na asubuhi zilikuwa zimevimba. Asali hunywa unyevu wa hewa, na sisi tuliitia kama tunaandaa pombe ya harusi. Tulipojaribu kuchapa, rola ziling'ang'ania herufi, zikazing'oa na kuzimwaga sakafuni. Nilipiga magoti kuziokota. Mwenzangu alikaa juu ya kreti, akafuta mikono.

"Labda yule wa lori achukue tu. Zahanati ipate paa."

"Yeyusha tena," nilimwambia. "Gundi zaidi, asali kidogo."

"Na zikigoma?"

"Zikigoma tutayeyusha tena. Washa moto."

Tuliyeyusha tena. Safari hii zilitoka ngumu kidogo, zinarudi zikibonyezwa kwa kidole. Tulizitundika karibu na dirisha zikauke, tukaenda kula. Wakati tunanawa mikono, lori likaunguruma getini. Yule bwana alikuja mapema kuliko tulivyomtarajia, akihofia mvua kuharibu barabara.

Wapagazi wake walitangulia bandani. Walitoka mbio zaidi kuliko walivyoingia.

"Nyuki! Wamejaa tele!"

Hatukuwa tumefikiria hilo, sisi tuliozaliwa katikati ya mizinga. Rola zilikuwa zimefunikwa, hazionekani. Yule bwana alikunja mikono, akamgeukia paroko aliyekuwa amekuja kumpokea.

"Paroko, umeniitia mashine au mzinga?"

"Subiri kidogo," alisema paroko, naye akirudi nyuma hatua chache.

Mwenzangu aliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe ndani ya debe, akaingia na moshi taratibu, akinung'unika Kisukuma kama anayewaomba radhi. Mimi nilimfuata, khanga kichwani. Nyuki walipopungua nilizishusha rola nikazipaka wino palepale, bila kungoja zikauke kama inavyotakiwa. Nilijua zikishapata wino nyuki hawatazitaka. Kama zitachapa, hilo sikulijua. Nilichomwa shingoni na mkononi.

Ukurasa wa nyimbo ulikuwa umeshapangwa na kukazwa kwenye fremu yake. Mwenzangu alikanyaga. Karatasi ya kwanza ilitoka hafifu, kama maandishi ya mtu mgonjwa. Ya pili ilikuwa nyeusi upande mmoja. Alilegeza skrubu, akakanyaga tena. Niliivuta ya tatu, sikuitazama, nikaenda kumpa paroko pale nje alipokuwa amesimama.

Alisoma mstari wa kwanza. Kisha akaanza kuimba wimbo ule, kwa sauti ndogo, akifuata kila mstari kwa kidole mpaka mwisho wa ukurasa.

"Hii ndogo haiondoki," alimwambia yule bwana. "Chukua ile iliyopasuka, na herufi zilizochakaa."

"Kwa hizo nitakuachia mabati ya nusu ya paa, Padri. Nusu tu."

Paroko alimtazama sista mkuu wa zahanati, aliyekuwa amekuja kushuhudia mabati yake. Sista alivuta pumzi.

"Wodi ya kina mama ianze," alisema. "Wanaume watavumilia." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini wewe, sitaki nipite hapa nikute banda kimya."

Wapagazi waliibeba ile mashine kubwa vipande vipande. Msimu ule wote wa mvua wodi ya wanaume iliendelea kuvuja, na kila mara sista yule alipopita na beseni la kwenda kumwaga alisimama dirishani kwetu kusikiliza kama mashine inakwenda. Siku za unyevu mkali rola zilikataa, nasi tukazikausha juu ya jiko la mkaa, tukijua anasikiliza. Mwenzangu hakurudi Kagongwa. Alimwagiza mke wake amletee godoro na spana zilizobaki. Na mimi, shingo ikiwa bado imevimba, nilianza kupanga ukurasa wa pili.