Vyeti vya Sista Lorraine

Kliniki ya Lorraine Mutai ilikuwa Wheaton, Maryland, ghorofani, juu ya duka la mazulia, na mimi ndiye niliyekuwa nikiisafisha kila Jumamosi mchana, mgonjwa wa mwisho akishaondoka. Vyumba vitatu, choo, na ngazi za nje. Nilianza mwaka 2005, mwezi uleule aliofungua. Nilikuwa nimemjua kabla ya hapo, kwa kuwa tulisali pamoja Lanham kwenye ibada ya Kiswahili. Nataka kueleza alivyo, kwa sababu nilishawahi kumsema jinsi asivyo.

Alizaliwa Londiani, binti wa mfanyakazi wa reli. Alisomea uuguzi katika hospitali ya misheni, akazalisha akina mama kwa miaka sita. Alipofika Marekani mwaka 1991, vyeti vyake havikumfaa kitu. Akaanza na kazi tuliyoanza nayo wengi wetu, kuogesha wazee na kubadilisha mashuka. Yeye aliyekuwa akisimamia wodi nzima sasa alifundishwa na msichana wa miaka ishirini jinsi ya kukunja pembe za shuka. Alikunja, na akitoka kazini alisoma. Akafanya mtihani wa leseni, akawa nesi wa hapa. Akaingia chuo, akapata digrii, akarudi tena akapata ya pili, ile inayomruhusu nesi kupima mtu, kutambua ugonjwa na kuandika dawa, awe anatibu mtoto mchanga au nyanya yake. Kati ya shuka la kwanza alilokunja na dawa ya kwanza aliyoandika ilipita miaka kumi na miwili.

Watu wetu walimwita Daktari. Kwetu anayekupa dawa ni daktari, hata kama anauza dukani tu. Lakini yeye hakuchoka kuwasahihisha.

"Mimi ni nesi, mzee Gitau. Nesi aliyesoma sana."

"Haya basi, Daktari Nesi," Gitau alimjibu, na chumba chote cha kungojea kikacheka.

Alikuwa na desturi moja ambayo wagonjwa wake waliijua. Hukubaliwi kuingia bila mfuko wa dawa zako zote, hata zile ulizopewa na shemeji, hata mizizi iliyotumwa kutoka nyumbani. Alizimwaga mezani, akazipanga moja moja, kisha akakuandikia kikaratasi cha Kiswahili: hii ukishapiga mswaki, hii ukishakula. Akakuambia umsomee. Ukikosea, unasoma tena. Nilimwona mwanamume mzima akirudia mara nne kama mtoto wa darasa la pili, naye Sista, ndivyo mimi nilivyomwita, ametulia tu.

Sasa nieleze jambo langu. Nilipofika nchi hii mwaka 1996 nilifanya kazi miaka miwili kwa karatasi za binamu yangu Bridget. Kitambulisho kifuani kilisema Bridget. Wazee niliowalisha uji waliniita Bridget, nami nikaitika. Hatukuona kuwa ni wizi. Tulisema fulani "ameazima karatasi", na mazungumzo yakaendelea. Baadaye mambo yangu yalinyooka nikarudia jina langu, lakini nimegundua kwamba aliyewahi kuitikia jina lisilo lake hukaa akichunguza majina ya wenzake.

Jumamosi moja ya Februari, mwaka 2007, nilikuwa napangusa fremu ofisini kwa Sista Lorraine. Kiingereza nakisoma polepole, kwa hiyo siku nyingine nilipangusa vioo tu bila kusoma. Siku ile nilisoma. Fremu ya kwanza: nesi. Ya pili: nesi. Ya tatu, yenye muhuri wa dhahabu: nesi. Ya nne ilikuwa mpya kuliko hizo, na ilikuwa na majina mawili. Juu, Daktari Kojo Asante. Chini, Lorraine Mutai. Sahihi mbili.

Miaka miwili nilikuwa nimefagia pale, na sikuwahi kumwona mwanamume aitwaye Kojo.

Nikasema moyoni, kumbe. Kumbe na yeye ameazima.

Sista alikuwa chumba cha pili akila chapati kutoka kwenye kopo lake. Nilimsikia akifunga kifuniko. Ilikuwa hatua sita kwenda kumwuliza. Nikakamua kitambaa, nikaendelea na madirisha.

Kesho yake baada ya ibada nilikaa na rafiki yangu Honorata kwenye chai. Honorata ni mtu wa Bukoba, alikuwa akiishi Greenbelt na kusuka nywele nyumbani kwake. Alikuwa na presha, na Sista Lorraine ndiye aliyekuwa akimtibu.

"Shoga," nikamwambia, "dawa zako anaandika nani?"

"Si Daktari Lorraine? Swali gani hilo?"

"Hebu tazama chupa."

Akaitoa kwenye mkoba, kwa maana wagonjwa wa Sista wote hutembea na dawa zao. Tukaisogeza kwenye mwanga. Jina la Honorata lilikuwepo. Chini yake, mahali pa aliyeandika dawa: Kojo Asante.

"Kojo ndiye nani?"

"Nakuuliza wewe unayemeza."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mama Peterson, unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu. Mimi mfagiaji. Nasema tu vyeti vyote ukutani ni vya nesi, na huyo mwenye udaktari hajawahi kukanyaga pale."

"Jamani! Na mimi nilivyomvulia nguo yule mwanamke!"

Tulicheka tena, wote wawili. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua zaidi, kwamba tulicheka.

Mwezi Aprili, nikiwa nasugua sinki, Sista aliniuliza, "Mama Peterson, rafiki yako hajambo? Amekosa miadi mara mbili. Nimempigia simu, hapokei."

"Labda ana vichwa vingi vya kusuka," nikasema.

"Dawa zake zitakuwa zimeisha."

Nilifungua bomba maji yaende kwa nguvu.

Mwezi Mei Honorata alianguka nyumbani kwake, kitana kikiwa bado kwenye nywele za mteja. Kiharusi. Alilala hospitali siku tisa, akatoka na mkono wa kulia usioweza kushika uzi, na ulimi mzito. Walimpa dawa za siku thelathini wakamwambia atafute mahali pa kutibiwa baada ya hapo. Bima hakuwa nayo. Kliniki mbili tulizopigia zilituambia tusubiri mpaka Agosti.

Nilikuwa nikimpelekea uji kila siku. Siku moja nikamwambia, kama vile si mimi niliyesema yale ya mwanzo, "Kwa nini usirudi kwa Lorraine?"

Akanitazama. Maneno yalimtoka moja moja. "Sirudi... kwa mtu... wa karatasi... za kuazima."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Chupa ilikuwa mezani, na kupitia plastiki niliviona vidonge vilivyobaki. Vinane. Hospitali walikuwa wamemwambia wazi kwamba presha ikipanda tena hivyo, huenda asiamke.

Jumamosi iliyofuata nilifika kliniki mapema, sikushika hata ndoo. Nilimkuta Sista akifunga kabati la dawa. Nikamweleza yote: fremu, chai, chupa, kiharusi. Nilitegemea anifukuze. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Vidonge vimebaki vingapi?"

"Juzi vilikuwa vinane. Leo sita."

Akaandika kwenye karatasi. Kisha akanyooshea kidole fremu ya nne. "Kojo ni daktari wa Silver Spring. Sheria ya Maryland inataka nesi kama mimi awe na mkataba na daktari wa kushauriana naye. Anapitia mafaili yangu, nikikwama nampigia. Hiyo ndiyo karatasi ile. Duka la dawa wanachapa jina lake kwa sababu mashine yao haina nafasi ya nesi. Nimewaandikia barua mbili."

"Mimi sikujua, Sista."

"Hukujua. Nilikuwa chumba cha pili, Mama Peterson. Mbona hukuniuliza?"

Nikamwambia habari za Bridget. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hapa, hata mwanangu Peterson hajui. Chini, mashine ya dukani ilikuwa ikikata zulia.

"Na mimi niliambiwa niazime," akasema. "Dada mmoja alinipa hadi leseni yake mkononi. Nikaona afadhali nikunje mashuka." Akafunga kalamu yake. "Jumatatu saa tatu asubuhi nina nafasi. Lakini mimi nikimpigia atasema najitetea. Wewe ndiye uliyefunga fundo hili. Nenda ukalifungue."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Nikaendesha moja kwa moja mpaka Greenbelt. Njia nzima nilitunga namna ya kumweleza Honorata bila kumtaja Bridget: kwamba nimeuliza watu, kwamba sheria ya hapa iko hivi na hivi. Lakini nilijua angeniuliza swali moja tu, nililipata wapi wazo lile. Nikaketi kwenye kiti cha wateja wake, kile cha kusukia, nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba ugonjwa ule wa majina ulikuwa wangu, na nikamvika mwenzangu.

Mdomo wake upande mmoja ulikuwa ukitetemeka, sikujua kama ni kiharusi au ni hasira.

"Kumbe," akasema. "Nilikuwa nakunywa uji... wa Bridget."

"Honorata, nisamehe."

"Nyamaza. Saa ngapi... Jumatatu?"

"Saa tatu."

"Utanipeleka. Gari langu... siwezi. Kwa hiyo utanipeleka."

Jumatatu nilisimamisha gari mbele ya duka la mazulia. Nikazunguka kumfungulia mlango, nikamshika kiwiko. Akakitoa mkononi mwangu.

"Wewe kaa kwenye gari, Bridget."

Nikakaa. Ngazi zile ni kumi na saba, nazijua kwa ufagio. Alizipanda moja moja, bega likiegemea chuma cha kushikia, mfuko wa dawa kwenye mkono wa kushoto. Kwenye ya kumi alipumzika, na mimi mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango, lakini sikufungua. Juu, mlango wa kliniki ulifunguka na Sista Lorraine akatoka, akasimama bila kushuka kumsaidia, akimngoja. Honorata alipofika ngazi ya mwisho hakumsalimu. Aliinua tu ule mfuko, akamwonyesha kwamba ameuleta.