Pipa Lililomeza Orodha ya Sagalla

Saa mbili na robo asubuhi, Mwanamvita Harith ameikalia mikono yake. Hiyo ndiyo kazi aliyoiamkia: kukaa nyuma ya Everlyne Mkawasi, kumtazama akihangaika na kompyuta, na kutosema neno.

"Mwalimu, hapa nibonyeze nini?"

"Mimi leo bubu, mwanangu."

"Bubu gani anajibu?"

Mwanamvita, 54, amefundisha taipu mjini Voi miaka ishirini na sita. Wenyeji huapa kwamba taipureta yake ilisikika hadi stesheni, abiria wakajitwika mizigo wakidhani treni imeingia. Kwa mtu huyo, kunyamaza ni adhabu.

Mwaka jana, 1998, mkwe wake Amin alimletea kutoka Mombasa programu ya kuandikia. Ni ya bure. Wanaoiunda ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na yeyote ajuaye lugha ya kompyuta huruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Mwanamvita haijui lugha hiyo.

Aliyeonja shubiri ni Everlyne, katibu wa kamati ya maji ya Sagalla. Alichapa majina ya familia 212 zinazongoja mfereji, kisha akabonyeza picha ya pipa lenye kifuniko ili ayahifadhi. Kumbe ni pipa la taka, la kufutia. Siku tatu za kazi zikafutika.

"Kwetu maji na mbegu ndiyo tunaweka kwa kitu cha kifuniko," anasema. "Takataka unatupa shambani. Nani hufunika takataka?"

Mwanamvita aliandika malalamiko, Amin akayatuma kwa barua pepe kutoka Mombasa. Wataalamu wanaoiunda programu wakajibu kuwa hakuna mwingine aliyelalamika. Kama ana marekebisho, alete.

"Niyatoe wapi, nami sijui hata mstari mmoja?" anacheka. "Lakini macho ninayo."

Akawaketisha watu tisa, mmoja mmoja, bila kumsaidia yeyote. Saba walibonyeza pipa wakitaka kuhifadhi. Aliandika kila mkono uliposita, kila mguno, hata matusi, ingawa matusi aliyafupisha. Akachora na picha mbili mpya, ya kuhifadhi na ya kufuta, Amin akavituma vyote.

Safari hii wataalamu walimwomba radhi, wakamtaka ajaribu kila toleo kabla halijatoka. Toleo la kwanza lilifika jana. Pipa halipo. Kuhifadhi ni sanduku la bati lenye kufuli, kama la mwanafunzi wa bweni. Kufuta ni karatasi iliyochanwa.

Majina 212 yako kwenye kioo tena. Everlyne amekataa kujaribu kwa barua ya mchezo. "Nikiandika uongo, nitabonyeza kwa uongo."

Mshale unazungukazunguka. Mwanamvita anauma ncha ya buibui lake. Everlyne anabonyeza sanduku, anafunga, anafungua.

"Wako! Wote wako!" Kisha anakunja uso. "Sasa picha ya kuchapa, ya kutoa kwa karatasi, wameficha wapi?"

Mwanamvita anachomoa daftari na kuandika, akitabasamu. Mwezi ujao anapanga kuipeleka kompyuta Kasigau, akaone huko watakwama wapi.

"Na hao wataalamu," anasema, "natamani siku moja wakae nyuma ya mtu kabla hawajaandika chochote. Wafunge midomo. Hapo ndipo watajua kazi ngumu ni ipi."