Spika Ndani ya Vikapu vya Shangazi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya redio mjini Iringa, Mkuu wa Karakana alinipa ufagio. Wanaume wawili nilioanza nao walipewa bisibisi. Cheti tulikuwa nacho sawa. Nilipouliza bisibisi yangu iko wapi, alicheka, akaniweka kaunta kupokea redio mbovu. Sijamsamehe mpaka leo.

Miaka ya sabini ikiwa katikati nilihamishiwa tawi la Mbeya, kaunta vilevile. Huko Meneja wa kiwanda kimoja alitaka sebule yake iwe ya kuonyeshea filamu, na spika zisionekane. Nyumba ilikuwa ya mawe, sakafu ya saruji, na alikataza kutoboa ukuta. Mafundi wetu wakaficha spika kabatini. Sauti ikawa ya mtu aliyejifunika blanketi.

“Niende mimi,” nikasema.

Mkuu wa Tawi akanitazama. “Dada, ukishindwa, kaunta hutoki mpaka ustaafu.”

“Nikiweza, nipewe bisibisi, na jina langu liandikwe kitabu cha kazi.”

“Nenda kwanza.”

Ninyi vijana mna vyombo vya kupimia. Mimi nilipiga makofi kona hadi kona, nikisikiliza mwangwi, yaani sauti inayogonga ukuta ikarudi. Mke wa Meneja alidhani nasali. Palipokuwa na mwangwi mkali nikatandika mikeka, dirishani nikatundika pazia zito. Zikabaki spika. Sauti hutoka kwenye karatasi ya spika inapotikisika, na mbao huikaba. Kwangu, mtaa wa Ilomba, nikajaribu kuweka spika moja ndani ya kikapu alichonisukia shangazi yangu. Nacho kikaikaba, maana shangazi alisuka kwa kukaza, unga wa ulezi ulikuwa hauvuji.

Nikachukua likizo, nikapanda basi hadi kwake Ilula, upande wa Iringa.

“Shangazi, nisukie vikapu vinne vilegevu, mwanga upite.”

“Nisuke kama anayejifunza? Wenzangu wataniambiaje?”

“Nisipovipata, nitakufa nikipokea redio za watu.”

Alinuna siku nzima, kisha akaanza kusuka. Ila uzi mwekundu, ambao ndio alama yake ukingoni, alikataa kuutia. Hakutaka ijulikane ni kazi yake.

Jumapili mchana wageni wa Meneja walikaa sebuleni, vikapu vimesimama kwenye kona nne, nyaya chini ya mikeka. Filamu ilipoanza kuzungumza, waligeuza shingo wakitafuta sauti inatoka wapi.

“Fundi nani?” Meneja akauliza.

“Ni karakana yetu, Ndugu Meneja,” akajibu Mkuu wa Tawi.

Nikasimama. “Ni mimi. Na vikapu kavisuka shangazi yangu wa Ilula.”

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya Mkuu wa Tawi mpaka jina langu likaandikwa. Bisibisi niliichukua mwenyewe kabatini.

Meneja alipohama aliniachia vikapu. Nikamwita shangazi Ilomba, nikaunganisha spika na redio. Aliweka kiganja kwenye kikapu, akakisikia kinatetema. Hakuondoa kiganja mpaka taarifa ya habari ikaisha.

“Lete uzi mwekundu,” akasema.

Sasa nimestaafu, na vikapu viko sebuleni kwangu. Wageni husema aliyevisuka alikuwa hajui kazi. Nawaambia wasogee, watazame ukingoni.