Kanga Juu ya Televisheni

Mikumi niliingia kwa lori na nilitegemea kutoka kwa lori. Nilikuwa utingo, yule msaidizi wa dereva anayelala juu ya mzigo na kuweka jiwe nyuma ya tairi gari likisimama mlimani. Gari letu liliharibika, dereva akaenda Dar kufuata kipuri, mimi nikaachwa nilinde mzigo. Mzigo ulikuwa saruji, na saruji haihitaji mlinzi anayeikodolea macho mchana kutwa. Nikaanza kuzunguka.

Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la sita. Haikunishinda. Dirisha la darasa letu, pale Kilosa, lilitazama reli, na mwalimu alikuwa akizungumza upande mmoja huku mabehewa yanapita upande mwingine. Tangu hapo nimepalilia miwa Ruhembe, nimekata katani Kimamba, nimezungusha betri na sindano kwa baiskeli siku za gulio kule Ulaya, kile kijiji cha Kilosa. Kila mahali nilikaa mpaka nilipojua watu wa pale wanachekeshwa na nini, halafu nikahama.

Watu wa Mikumi walicheka kwenye banda umiza. Lilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, ukuta wa mabati na magunia, ndani benchi zisizo na mgongo na televisheni moja kubwa juu ya meza iliyofungwa kwa minyororo. Usiku ilikuwa mpira, mchana filamu. Mwenye banda, mtu mnene mwenye sauti laini, alikuwa amekimbiwa na mtafsiri wake, kwa hiyo nilipomwambia kwamba najua Kiingereza hakuuliza nilikisomea wapi. Nilikiokota Tunduma, mpakani, kwa madereva wa Zambia. Nilijua sana matusi, vipuri na maneno ya kubembeleza askari wa barabarani. Yaliyobaki niliyapata kwa kuiangalia filamu kwanza kwenye simu, peke yangu, nikirudiarudia. Halafu nakaa pembeni ya televisheni na maiki, sauti inapunguzwa, nami nawaeleza watu nani kasema nini.

Wateja wa banda wana utaratibu wao. Kitu cha kwanza wanachotaka kujua ni nani steringi na nani adui. Steringi ndiye mwenye filamu, na steringi hafi. Akipigwa risasi, imempata begani. Wakishamjua wanatulia, kama abiria waliomwona dereva kakaa kwenye usukani. Utaratibu wa pili ulikuwa wa mwenye banda mwenyewe. Kwa sababu wazee nao walikuja, na watoto walichungulia kwenye magunia, kila picha ilipokaribia chumba cha kulala yeye aliinuka na kuifunika televisheni kwa kanga ya mkewe. Aliijua dalili. Mlango ukifungwa na taa ikipunguzwa, tayari yuko mbele na kanga. Watu walilalamika kwa mazoea tu, mimi nikaendelea kutafsiri sauti, naye akishajiridhisha aliiondoa.

Nje ya mlango alikaa dada mmoja aliyekaanga mihogo. Asubuhi alipika vitumbua, mchana mihogo na kachumbari. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa dada yangu wa kwanza, na mimi nilimwita dada, yeye akaniita mdogo wangu. Miaka ya nyuma alikuwa akiishi kwa madereva, kwenye vyumba vya nyuma ya maegesho. Hilo nililisikia siku yangu ya kwanza na kwa watu tofauti, kila mmoja akinieleza kwa sauti ya chini na kumalizia kwamba siku hizi ametulia. Mbele yake hakuna aliyelitaja. Walinunua mihogo, wakaomba pilipili, wakaenda zao. Hata filamu alizitazama akiwa nje, kupitia upenyo kati ya bati na gunia, kijiko cha kugeuzia mkononi.

Wiki ile alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Binti wa mwenye banda alikuwa anaolewa Jumamosi inayofuata, na mama wa bibi harusi alikuwa amempa sufuria. Maana yake ni kwamba pilau ya shughuli nzima ingepikwa na yeye, na wanawake wengine wa mtaa wangemenya vitunguu kwa amri yake. Sufuria la shughuli halipewi mtu hivi hivi. Aliniambia mara nyingi kuliko nilivyouliza. "Mdogo wangu, tangu nitoke barabarani, hakuna mwanamke aliyewahi kuniambia njoo unipikie wageni wangu."

Ile filamu niliipata kwa fundi simu, ndani ya flashi iliyojaa filamu za mapigano. Niliichagua kwa udadisi, kwa kuwa nilisoma mtandaoni kwamba imetengenezwa na watu wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao, na ikabeba tuzo huko kwao. Inahusu mwanamke anayeuza mwili kwenye mji wenye baridi. Basi. Hakuna bunduki. Mwenye banda aliniuliza kama kuna mapigano, nikamwambia kuna ugomvi. Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: FILAMU YA TUZO, MTAFSIRI YUPO.

Dada alisoma ubao, akaniuliza inahusu nini. Nikamwambia. Aligeuza mihogo yote kwanza, kipande kimoja kimoja.

"Wewe utamwitaje huyo mwanamke?"

"Nitamwita dada."

"Tutaona," akasema. Halafu akaipua karai, akafunika makaa kwa majivu, akaingia ndani na kukaa benchi la nyuma kabisa. Watu waligeuka kumtazama, kwa sababu hajawahi kuingia.

Ilikuwa Jumapili alasiri na banda lilijaa. Mbele walikaa wakata miwa, na wapakia mizigo wakiongozwa na kijana mmoja mwenye mdomo ambaye bila yeye hakuna filamu iliyonoga. Pembeni walikuwepo wafugaji wawili waliokuja mjini kutafuta dawa ya ng'ombe, fimbo zao zikiwa zimeegeshwa kwenye bati. Nyuma, karibu na dada, alikaa mzee mstaafu wa reli, mtu wa Kimamba, ambaye kila filamu aliilala na kila filamu aliisifu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Dada wa kwenye filamu anaamka, anachemsha maji, anabishana na mwenye nyumba, anatoka barabarani. Mpakia mizigo akauliza steringi anakuja saa ngapi. Nikamwambia steringi ni huyo huyo. Banda zima likanicheka. Wakakubaliana wao wenyewe kwamba steringi ni yule polisi aliyepita kwenye kona, kwa kuwa alikuwa na koti zuri, wakamsubiri arudi. Hakurudi. Wakamhamishia usteringi dereva wa teksi, naye akateremsha abiria na kupotea. Mfugaji mmoja, mtu wa makamo, alikuwa na swali lake moja tu, akaliuliza taratibu kila baada ya muda: "Huyu hana kaka?" Nilimwambia filamu haijasema. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona zizi halina mlango.

Ikafika pale mwanaume mmoja anapanda naye ngazi. Wanaingia chumbani, mlango unafungwa, taa inapunguzwa. Mwenye banda huyo, kwa mwili wake wote, mbele na kanga. Aliitundika kwa haraka, maandishi yakawa kichwa chini. Watu wakapiga miluzi kidogo, wakatega masikio.

Hakukuwa na sauti. Magari tu yanapita mbali, na kitu kama karatasi inakunjuliwa.

Mimi nilikuwa nimeshaiona sehemu ile, nikasema kwenye maiki kilichopo: mwanaume amelala na viatu vyake, yeye amekaa dirishani, amefungua mfuko wa mwanaume, anakula mkate wake.

Wakakataa. Walicheka mpaka benchi likalia. Mpakia mizigo akasema mtafsiri huyu kahongwa na msikiti na kanisa kwa pamoja, chumba kimefungwa, taa imezimwa, halafu mtu anakula mkate? Mwingine akasema labda ni mkate wa maji. Mwenye banda, akiwa ameshika pembe ya kanga, akanitazama kwa kunisihi niseme kitu kinachoeleweka.

"Ni kweli," sauti ikatoka nyuma. "Wengi wao hulala."

Alikuwa dada. Hakuinua sauti. Mpakia mizigo akageuka na kicheko chake kikiwa bado mdomoni.

"We mama mihogo umejuaje?"

"Kwa sababu aliyebaki macho nilikuwa mimi."

Nilishusha maiki. Kitu ambacho mtaa mzima ulikuwa umekizunguka kwa adabu miaka yote, kama watu wanavyozunguka dimbwi, yeye mwenyewe alikuwa amekanyaga katikati. Na mbele yake alisimama mume wa yule mwanamke aliyempa sufuria. Nilimwona mwenye banda akilifikiria hilo. Nilimwona dada naye akilifikiria. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake na kuizungusha kidoleni.

Aliyezungumza ni mzee wa reli, ambaye tulidhani amelala.

"Toa hiyo kanga, bwana. Mtu anakula mnamfunika? Anayefunikwa ni maiti."

Mwenye banda akaivuta. Na kweli, alikuwa anakula mkate. Alikula polepole, akitazama theluji, makombo akiyakusanya kwa kidole na kuyala pia. Sehemu ile ni ndefu, nilipoiangalia kwenye simu niliona inachosha. Pale bandani hakuna aliyechoka. Mpakia mizigo akasema kwa sauti ya kawaida, si ya kuchekesha, "Ana njaa huyu," na mfugaji akaitikia, "Tangu asubuhi. Hajala tangu asubuhi." Wakawa wote wanakumbuka: maji aliyachemsha lakini hakunywa chai, mwenye nyumba alimkatiza. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena steringi ni nani. Mwenye nyumba alipotokea tena walimzomea. Adui wamempata.

Mwisho ukaleta ugomvi mwingine. Yule dada anafua mapazia, anayapinda na kuyatundika dirishani, anarudi nyuma kuyatazama, basi, maandishi yanapanda. Watu hawakuinuka. Walisubiri sehemu ya pili. Wakamlaumu mwenye banda kwamba flashi ni mbovu, wakanilaumu mimi kwamba nimekata. Filamu ya tuzo, inaishia kwenye mapazia? Mzee wa reli akaisifu kama kawaida, ila safari hii nadhani aliiona.

Nilipotoka, dada alikuwa ameshapuliza makaa na karai liko jikoni. Mpakia mizigo alisimama mbele yake. Siku zote alimsalimia kwa "mambo" na kidole. Sasa akasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Pilipili nitie?"

"Tia."

Lakini dada hakuwa na raha. Aliniambia nisije kesho kumfariji, akinyang'anywa sufuria atajifuta machozi mwenyewe. Alisema hakupanga kusema. Aliona tu wanacheka mahali ambapo hapachekeshi, mdomo ukatangulia. Na mwenye banda alikuwa amefunga mlango mapema na kwenda nyumbani, jambo lililomaanisha kwamba mkewe ataijua habari kabla ya chakula.

Asubuhi nilikwenda kununua vitumbua kama siku zote, sikwenda kufariji. Nilimkuta mke wa mwenye banda ameshafika, mwanamke mrefu anayetembea kama aliyeitwa, kifurushi kwapani. Nikasalimia, nikajifanya nasubiri chai yangu ipoe. Dada alikuwa amesimama, mikono ina unga wa mchele.

Mama yule hakuzungumza kwa upole.

"Nimeambiwa jana uliacha jiko ukaenda kukaa kwenye video."

"Niliipua karai kwanza, dada."

"Uliipua. Haya. Jumamosi ukiliacha sufuria langu ukaenda kutazama video, mimi na wewe tutakosana, nakwambia mapema." Akamtupia kile kifurushi. Ilikuwa doti ya kanga, mpya, bado ina gundi ya dukani. "Sare. Sisi wote wa jikoni tunavaa hiyo. Upinde leo, usije ukaja na pindo linaning'inia mbele ya wakwe."

Dada aliipokea kwa viganja, asiichafue kwa unga, akawa hana pa kuiweka. Nikampokea mimi. Mama yule akachukua kitumbua bila kuulizwa, akakila kwa kusimama, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mtafsiri. Huyo mwanamke wenu mwishowe ikawaje? Mume wangu ananiambia mapazia, mapazia, haelezi."

Nikamwambia aliyafua, akayatundika, akarudi nyuma kuyatazama.

"Si ndiyo kapata kwake," akasema, kama mtu aliyeulizwa swali la watoto. "Mtu hatundiki pazia nyumba ya mwenzie." Akapangusa mafuta ya vidole kwenye bati la banda na kuondoka. Alipofika kwenye kona akarudi hatua chache kusema mchele aje auchambue kwake kesho mchana, kuna kivuli.

Kipuri kilifika siku hiyo hiyo na dereva akanipigia honi. Nilimwambia atangulie, nitampata Iringa. Nilikuwa nataka kula pilau.