Koti Lililobaki Kwenye Kosta

Mimi ninauza makoti. Naanza na hilo, maana watu wakiisikia habari hii huniuliza, "Na wewe muuza makoti ulikuwa wapi?" Nilikuwepo. Meza yangu ya mitumba iko Tunduma, kando ya barabara ambako malori ya kwenda Zambia hupanga foleni. Robota likifunguliwa, najua kwa kushika tu koti lipi linazuia upepo na lipi ni la kupendezea. Na pamoja na ujuzi wangu wote huo, wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikufa kwa baridi nikiwa nimemkumbatia.

Shule niliishia la saba, kwa hiyo sitapamba. Nitawataja waliomuua mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Majina yao wenyewe wanayajua.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na watu kumi na sita. Tulizikana, tulichezeana ngoma kwenye harusi, na mwaka ule tukakubaliana twende kutembea, tukaone maporomoko ya maji kwenye milima ya Ileje. Mama mwenyekiti akampata kwa simu mtu wa huko anayeongoza wageni. Tukakodi basi dogo, Kosta.

Sasa kikundi kwetu hakitoki bila sare. Harusini sare, msibani sare, kumwona mzazi sare. Yetu ilikuwa gauni la kitenge cha njano, limebana kuanzia kiunoni mpaka chini ya goti, na chini viatu vya simpo vyeupe, vile bapa, soli yake kama karatasi. Sheria ilisema asiye na sare kamili hapandi gari, na anayekagua mlangoni ni msimamizi wa sare. Msimamizi wa sare nilikuwa mimi.

Mkosaji wa kwanza ni mama mwenyekiti. Baada ya msiba tulikuja kujua kwamba yule mwongozaji alimweleza kila kitu kwenye simu. Alimwambia wanawake wavae suruali au taiti, masweta ya sufu, viatu vyenye meno, na kila mtu abebe koti la mvua hata kama jua linawaka. Mama mwenyekiti hakumwambia mtu. Alipobanwa alijibu, "Wanawake wa kanisani niwavishe masuruali? Na zile picha zingekuwa picha gani?"

Asubuhi ya safari wifi alikuja amevaa gauni la sare, lakini juu yake ana koti jeusi zito lenye kofia, ndani taiti, miguuni gambuti. Simpo zake amezishika mkononi. Alizaliwa kwenye mashamba ya kahawa kule Mbozi, baridi ya Juni aliijua tangu mgongoni kwa mama yake. Na koti lile nilimchagulia mimi mwenyewe mezani kwangu.

"Wifi, unakwenda kuchimba mtaro?" nikamtania.

"Naenda mlimani. Nyie wenzangu naona mnaenda kwenye sendofu ya bibi harusi."

Wenzetu wakacheka. Mama mwenyekiti hakucheka. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Msimamizi wa sare, kwa ndugu yako sheria imelala?"

Hilo likanichoma. Wiki chache nyuma nilikuwa nimemzuia mama mmoja mlangoni kwa sababu ya kilemba tu, akarudi nyumbani analia.

"Vua, wifi," nikamwambia. "Usinitie aibu."

"Nitavua kwenye picha."

"Vua sasa hivi. Weka chini ya kiti."

Akanitazama. "Haya. Nikiugua utanilea wewe." Akalikunja koti vizuri, akalisukuma chini ya kiti pamoja na gambuti, akavaa simpo. Taiti alikataa kuvua, nami nikajifanya sijaiona.

Tulichepuka pale Mpemba tukaifuata barabara ya Ileje huku tunaimba. Kosta iliposimama chini ya mlima, wifi aliinama kushika koti. Jua lilikuwa linawaka. Nikamwambia, "Jua lote hili hulioni?" Akaliacha.

Mkosaji wa pili ni mwongozaji. Mtu mzima wa rika langu, amevaa gambuti, koti la turubai, na mzula umefunika mpaka masikio. Alitutazama miguuni, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na sita. Halafu akasema, "Mama zangu, mmependeza." Basi. Yule aliyejua mlima ndiye aliyepaswa kusema, geuzeni gari, leo hampandi. Akachukua fimbo yake, akatangulia.

Gauni la kubana kwenye mlima ni kamba ya magotini. Tulipanda kwa vihatua vya kuku aliyefungwa miguu. Wifi akamwomba mwongozaji kisu, akalipasua la kwake mpaka pajani, akasema, "Fundi cherehani angeniona angezimia." Wote tukapasua, isipokuwa mama mwenyekiti. Maporomoko tuliyaona. Tulipiga picha mpaka tukachoka, tumesimama karibu na maji, yale manyunyu yakatulowesha mabega hatukujali. Picha hizo zipo. Sijazitazama.

Ukungu ulishuka mara moja, kama mtu aliyefunika sufuria. Ukaja upepo, na mvua ile nyembamba ya milimani isiyokoma. Njia ikawa sabuni. Hatukuwa tumeshuka mbali, wifi akateleza, mguu ukabaki kwenye mawe, mwili ukaenda mbele. Nilisikia mfupa.

Mwongozaji akasema hawezi kumbeba peke yake kwenye utelezi ule. Atawashusha wengine, arudi na wanaume na machela. Nikasema mimi ninabaki. Wifi alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamwomba mwongozaji koti lake. Akageuza uso. Koti lilikuwa limeshavaliwa na mama mwenyekiti, aliyekuwa ameanza kulalamika baridi kule kule juu.

"Mama mwenyekiti, mwachie mgonjwa koti."

"Na mimi nikianguka njiani? Mimi nina presha, unajua."

Wakaondoka. Rangi ya njano ikapotelea kwenye ukungu.

Nilimweka kifuani, nikamzungushia mikono. Kitenge kikilowa kinakuwa kama ngozi ya samaki, kinakunyonya joto lako lote. Hatukuwa na kitu kikavu. Mwanzoni tulizungumza. Alisema, "Kaka yako ataunguza ugali leo." Alisema, "Wifi, gambuti zangu wasije wakaziiba." Kisha kutetemeka kukakoma. Nami, kwa ujinga wangu, nikafurahi. Nikadhani anapata nafuu.

"Wifi, joto," akasema. Akaanza kulivuta gauni shingoni, anataka kulivua. "Joto, wifi. Nivue."

Nikamshika mikono. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba ndivyo baridi inavyomaliza mtu, inamdanganya kwamba anaungua. Wifi hakusema kingine tena. Wanaume walipofika na machela na mablanketi, mimi nilikuwa ninaendelea kumsugua mgongo, na mmoja wao akaniondoa mikono polepole.

Chini, kwenye Kosta, koti lilikuwepo chini ya kiti. Limekunjwa vilevile, kavu. Ndilo tulilomfunikia.

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake tulipofika. Hakulia kwanza. Aliuliza, "Aliondoka hapa na koti. Mimi nililiona. Kwa nini nguo zake zote zimelowa na koti ni kavu?"

Wenzangu wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Alisikia joto, kaka. Akaliacha kwenye gari. Nilimwambia alichukue, akakataa."

Kwenye mazishi mama mwenyekiti aliagiza sare. Wakaja na magauni yale yale ya njano, yameshonwa pale yalipopasuliwa. Mimi la kwangu nilikuwa nimelichoma.

Siku hizi mtu akija mezani kwangu anasema anakwenda mlimani, namhoji kama polisi. Unakwenda na nani? Anayewaongoza amesema nini, na umemsikia wewe mwenyewe au umeambiwa? Namwambia anunue koti la mvua, avae sufu ndani, kitenge aache nyumbani, na asikubali mtu yeyote amwambie avue. Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza, "Mama, mbona unafoka? Mimi si nanunua?" Nikamfungia koti kwenye mfuko, nikamrudishia chenji.

Nilisema nitawataja wote, na nimetaja wawili. Wa tatu kaka yangu hamjui. Miaka yote hii, akizungumza habari za mkewe, humalizia hivyo hivyo: "Alikuwa mwanamke mzuri, ila mbishi. Ubishi ndio uliomwua." Amewaambia hivyo watoto wao. Binti yake mkubwa akikataa kitu, humwambia, "Unataka kufa kama mama yako?" Mimi nikiwa nimekaa pale pale, nakula chakula chao.

Kaka, hakuwa mbishi. Alivua nilipomwambia avue. Alipotaka kulichukua tena nikamzuia. Wewe kusoma unajua kuliko mimi, hivyo karatasi hii nakuletea mkononi, na nitakaa hapo hapo mpaka uimalize. Kisha waite watoto.