Rimu Nilizomchagulia Mkwe Wangu

Mkwe wangu Chrispin ni mtu wa Sekenke, huko Iramba. Ujana wake aliumalizia kwenye mashimo ya dhahabu, anashuka na kamba asubuhi, anapanda jioni mwili mzima ni vumbi la mawe. Wenzake wakipata kidogo walikimbilia pombe. Yeye aliweka, akaweka tena, akanunua Probox nyeupe, akaja nayo hapa Sepuka kumposa binti yangu Editha. Watu wakasema kijana amekuja kuturingishia gari. Mimi gari sikulitazama. Nilimtazama mikono, nikaona ni mikono ya kazi, nikakubali, nao wakajenga hapa hapa jirani nami.

Gari hilo ndilo shamba lake. Kila siku ya Mungu anapeleka watu Singida mjini na kuwarudisha, na magunia, na matenga ya kuku juu. Ni mtu mpole, hapigi honi ovyo. Barabara yetu anaijua shimo kwa shimo, na mengine kayapa majina. Liko moja analiita Mwalimu, kwa sababu mwalimu mmoja alitumbukia humo na baiskeli na madaftari yote ya darasa la nne. Abiria wakisikia "shikeni, tunafika kwa Mwalimu," wanashika viti.

Sasa niseme jambo ambalo mtu wa mbali halijui. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Na kuongea ana kwa ana hakuna mpaka mkwe alete mbuzi wa kufungua mdomo. Chrispin alikuwa hajamleta. Si ubahili, ni kwamba kila mwaka lilitokea jambo. Basi miaka minne alinisalimia amesimama kule kwenye ua, amegeukia upande wa zizi, "Shikamoo mama," nami nikamwitikia marahaba nikiwa nimetazama chungu. Yote mengine yalipita kwa Editha. Tukiwa watatu hapo hapo uani mimi nasema, "Editha, mwambie mwenzako mbuzi wanakula mahindi," na mwenzake anasikia kabisa, lakini anangoja aambiwe ndipo ainuke. Kwenye gari Editha anakaa mbele, mimi nyuma na trei zangu za mayai. Nina kuku wengi, kila Alhamisi napeleka mayai mjini.

Mwaka jana Editha akashika mimba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na za namna hiyo mama hazisahau hata akiwa na wajukuu wengine kumi. Muuguzi wa zahanati akatuita akasema, "Huyu asije akajifungulia hapa. Uchungu ukianza tu, mumpeleke hospitali mjini. Na njiani asitikiswe sana, mnanielewa?"

Asitikiswe! Na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeifumua barabara, mashimo yamezaa mashimo.

Matairi ya Chrispin yalikuwa yamekwisha, yamekuwa kipara. Alitaka kununua mengine kama yale yale. Mimi nikasema hapana. Nililala nikiliwaza nikaamka nimelimaliza. Marehemu mume wangu alikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, magurudumu yake makubwa yananifika kiunoni, na ule mkokoteni ulipita makorongo ambayo baiskeli ilishindwa. Gurudumu dogo linazama shimoni, kubwa linapita juu yake. Hiyo haihitaji shule. Nikamwambia Editha, "Mwambie mumeo safari hii anaweka magurudumu makubwa. Alizeti yangu ya mwaka huu ndiyo itakayonunua."

Alhamisi tukaenda kwa fundi Urbano, yule wa matairi kule mjini. Ukutani kaning'iniza rimu zinang'aa kama sufuria mpya, nyingine upana wake kama ungo. Nikaelekeza kidole kwenye kubwa kuliko zote zilizoweza kuingia kwenye gari lile.

Urbano akacheka. "Bibi, hizo ni za vijana wa harusi."

"Na mimi niliolewa. Zishushe."

"Bibi yangu, sikiliza kidogo. Rimu ikiwa kubwa namna hii, mpira wake..."

"Nimelima miaka hamsini," nikamwambia, "sijaja kusomeshwa mpira."

Akamgeukia Chrispin. Urbano ni Mnyaturu mwenzangu, na kumtania Mnyiramba ni haki yake. "Wewe mla panya, na wewe umekuja kushangaa tu? Gari ni lako au la bibi? Sema."

Chrispin akatazama viatu vyake. "Mama ameshasema," akajibu.

Editha akataka kufungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Tulirudi Sepuka watu wametoka nje kutuangalia. Magreth, jirani yangu anayeimba kwaya, aliinama akajiona uso kwenye rimu, akafunga kilemba chake upya hapo hapo. "Dada," akasema, "hili gari sasa lifungiwe ndani." Nilijisikia vizuri, siwezi kuficha. Njiani mgongo uliniuma kidogo, lakini nikasema ni uzee.

Alhamisi iliyofuata nilifika mjini na mayai thelathini na moja yamepasuka. Zamani yalikuwa yakipasuka mawili, matatu. Editha akaniangalia.

"Kuku wa mwaka huu wanataga ganda laini," nikasema. "Ni hivi vyakula vya dukani."

"Lakini mama, hawa kuku wako hawajala cha dukani hata siku moja."

"Basi wameiga wa jirani."

Tangu siku hiyo nikamkataza Editha kupanda gari mpaka siku yake ifike, nikasema apumzike. Yeye alijua nimeanza kuogopa. Mimi nilikuwa sijajua.

Wiki ya tatu nilikwenda bila Editha, pamoja na abiria wengine. Nilikaa nyuma kama kawaida. Kufika kwa Mwalimu Chrispin alipunguza mwendo mpaka mtu angeweza kushuka akatembea, na bado tukasikia mlio, kakaa! Gari likainama upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Tukashuka. Rimu ya mbele imekunjika ukingo, tairi limechanika ubavuni, upepo wote umetoka. Mayai sikuyahesabu, yalikuwa yanachuruzika kwenye sakafu.

Abiria walinung'unika. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Nani huyo alimshauri kijana wa watu kuweka maurembo haya?" Chrispin alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anazungusha jeki, jasho linamdondoka, wala hakuinua kichwa. Angeweza kuinua. Angeweza kunitazama tu, ningeelewa. Hakufanya hivyo.

Nilisimama kando ya barabara nikafikiri: angekuwemo Editha humu?

Asubuhi ya pili yake nilikwenda zizini nikachagua mbuzi jike, mweupe, mzuri kuliko wote. Nikamvuta kwa kamba mpaka kwa Chrispin. Alikuwa anaosha gari. Aliponiona nakuja moja kwa moja akaanza kurudi nyuma, akageukia ukutani kama adabu inavyotaka.

"Geuka," nikamwambia.

Kitambaa kikamdondoka.

"Mbuzi huyu ni wa kufungua mdomo."

"Mama," akasema, bado anatazama ukuta, "anayeleta mbuzi ni mimi."

"Na ulikuwa unamleta lini, mjukuu wangu akiwa na ndevu? Shika kamba."

Akashika. Editha alitoka ndani na tumbo lake, akaona, akakaa kwenye kigoda.

"Sasa niambie," nikasema. "Hizi rimu zina ubaya gani?"

Akauacha ukuta, akageuka. Kisha ikawa kama mtu aliyefungulia maji. Akanichutamisha pale kwenye gurudumu akanionyesha kwa kidole. "Mama, gurudumu zima haliwezi kukua, litakwangua bodi. Nafasi ni ile ile. Kwa hiyo chuma kikiwa kikubwa, mpira unabaki huu, ona, vidole viwili. Ule mpira ndio godoro. Shimo likipiga linapiga chuma, na chuma kinapiga kiti. Mkokoteni wa baba ulipita kwa sababu ulikuwa mkubwa wote, tena unakwenda mwendo wa ng'ombe. Hapa tunataka chuma kidogo, mpira mnene."

"Ulijua haya tangu kwa Urbano?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza! Na mkeo ana mimba!"

"Ningesemaje, na wewe ni mkwe?"

Nilitaka kumgombeza. Nikaona nikimgombeza inabidi nianze na mwingine kabla yake. Nikacheka, mpaka machozi. Yeye akacheka kidogo kidogo, anaogopa, halafu akacheka kweli. Mbuzi akala kitambaa.

"Rimu zako za zamani ulizitupa wapi?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Ziko ghalani, mama. Nyuma ya magunia yako ya alizeti yaliyobaki. Nilizifunika na turubai."

Kumbe wiki zote hizo nilikuwa nazilinda mwenyewe.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kwa Urbano. Zile kubwa, pamoja na ile iliyokunjika ambayo Urbano aliinyoosha, alizichukua kijana mmoja wa pale mjini asiyetoka nje ya lami, akatupa matairi manne mapya yenye ubavu mnene. Urbano akayafunga kwenye rimu za zamani za chuma cheusi, zisizong'aa hata kidogo. Akaniuliza, "Bibi, hizi umezipenda?"

"Wewe funga," nikamwambia. "Na upepo usijaze kama ngoma, mkwe wangu anasema upunguze kidogo."

Urbano akamtazama Chrispin. "Eh! Mnyiramba anasema!"

Siku ya nane Editha alishikwa na uchungu asubuhi, tukiwa tunakamua. Tukamlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Njia nzima nilikuwa nasema na Chrispin. Nilimwambia apunguze, akasema, "Mama, tukipunguza zaidi tutarudi Sepuka." Nilimwambia apite kulia, akapita kushoto, na kushoto kulikuwa kuzuri. Tulipofika kwa Mwalimu nilimshika binti yangu kwa mikono miwili na nikafumba macho. Gari lilishuka, likapanda. Editha akaniuliza, "Mama, mbona unanibana?" Hakuwa amesikia kitu.

Hospitalini alishuka akatembea kwa miguu yake mpaka mlangoni.

Jua lilikuwa halijafika utosini muuguzi alipotoka kutuambia ni wa kike, analia vizuri, na mama yake anaomba uji. Nilipiga vigelegele mpaka nikaambiwa hapa kuna wagonjwa. Nikamtafuta Chrispin simwoni. Nikamkuta nje amekaa chini, ameegemea tairi la mbele, amejifunika uso kwa mikono yake ile, mabega yanatikisika.

"Inuka," nikamwambia. "Mwanaume mzima, unakaa kwenye vumbi na shati la safari."

"Mama," akasema, hakuondoa mikono, "niache kidogo."

Mimi siambiwi hivyo na mtu. Nikamwacha, nikaingia ndani kumpokea mjukuu wangu.