Nilipeleka kaa hai Newala kwa mjomba wa mchumba, mama mkwe akawapa maji

Wakuu, habari zenu.

Kwanza naomba radhi kwa makosa ya kuandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na simu yenyewe kioo kimepasuka upande wa herufi a, kwa hiyo mkikuta neno lina pengo jazeni wenyewe. Ningetumia kalamu mngekimbia kabisa. Naandika polepole, uzi huu nimeuanza juzi. Ila yote yamenitokea mimi, sijaongeza chumvi.

Mimi ni kijana wa Masasi. Msimu wa korosho nabeba magunia, msimu ukiisha nabeba chochote.

Tatizo langu ni aibu. Mbele ya watu wazima ulimi wangu unalala.

Sasa nina mchumba Newala, anaitwa Fidea. Kwao, kama kwa Wamakonde wengi, mwenye kauli juu ya binti ni mjomba, kaka wa mama yake. Baba anaweza kukupenda mpaka akakuvulia shati akupe. Mjomba akisema hapana, umepata shati tu.

Mjomba huyo ni mzee Lukasi. Alipakua mizigo bandarini Mtwara miaka mingi, kisha akarudi Newala kulima. Alirudi na hadithi moja tu, nayo ni kaa. Samaki yeyote anayepanda mlima kuja sokoni, yeye anamwita kuni kwa ukavu wake.

Fidea akanipigia simu. "Mjomba anataka kukuona Jumamosi. Najua hutaongea, kwa hiyo lete kaa. Ila wawe hai. Kaa akifia njiani mjomba hali, anasema ni sumu halafu ni dharau."

Basi nikashuka pwani ya Mtwara kwa dada yangu, ameolewa kijiji chenye mikoko. Shemeji Bakari alinipokea kwa kunicheka.

"Mtu wa korosho, umefuata nini kwenye tope?"

"Kaa."

"Kununua?"

"Kukamata mwenyewe. Ni zawadi."

Akamwita jirani aje anione.

Wakuu, kumbe kaa wana sheria. Mimi nilijua unaingia mikokoni, unachukua, unaondoka. Hapana. Tulipita kwanza kwa kamati ya wavuvi ya kijiji kuomba ruhusa, hata kama unakamata wa kula tu. Pale yupo mama mmoja anashika kijiti cha kupimia.

"Ambaye mgongo wake haufiki kijiti hiki, rudisha," akaniambia. "Jike mwenye mayai tumboni, rudisha, hata awe mkubwa kama sahani. Na ukikata mkoko kumfuata kaa, tutakukata wewe."

Hilo la mwisho sikujua ni sheria au ni utani. Sikuuliza.

Maji yalipotoka tukaingia. Unatafuta shimo, unaingiza fimbo yenye chuma kilichopinda mbele, unamvuta taratibu. Shemeji alikuwa akivuta kaa kama anachomoa viatu uvunguni. Mimi nilikuwa navuta tope.

Nikaja kumpata mmoja mnene, nikaanza kuona harusi. Shemeji akamgeuza, akafunua kile kifuniko cha tumboni. Mayai, rangi ya chungwa. Akarudishwa shimoni, na harusi yangu ikaingia naye.

Aliyefuata alinibana kidole kwa gando. Nilitoa maneno ambayo Masasi sijawahi kuyatoa.

"Kumbe unaongea," shemeji akasema.

Mwisho tulipata wa kutosha kikapu. Shemeji akawafunga magando kwa kamba, akatandika majani ya mkoko, akawapanga, akawafunika kwa gunia alilolichovya baharini. Akanipa na chupa ya maji ya bahari.

"Gunia likikauka, lowesha kidogo. Waweke kivulini, wapate upepo. Ila usiwatumbukize kwenye ndoo ya maji. Maji yakitulia wanamaliza hewa iliyomo, wanakufa kama mtu aliyezibwa pua. Tena maji yenu hayana chumvi, ndiyo kabisa."

Nilimwangalia mara mbili. Mnyama wa majini anauawa na maji? Lakini nikatii.

Kwenye basi kila abiria alikuwa daktari wa kaa. Mama mmoja alinisuta tangu Tandahimba kwamba natesa viumbe, niwape maji. Mzee wa kanzu akasema kwake mdudu huyo haliwi, awe hai awe maiti. Jirani yake akasema kwake analiwa. Wakabishana dini mpaka stendi ya Newala, mimi nikalowesha gunia langu.

Nilifika wote wanatikisa miguu. Wakuu, sijawahi kujisikia mwanaume kama siku ile.

Sasa, wasioijua Newala niwaambie jambo moja. Kule juu maji ni shida. Watu wanachimba kisima nyumbani, wanakinga mvua kutoka kwenye bati, wanayatumia hayo maji kwa hesabu mpaka mvua nyingine. Kiangazi kikikaza ni foleni ya bombani. Mtu akikupa maji Newala, amekupa heshima ya nyumba.

"Shikamoo mama," nikamwamkia Mama Fidea.

"Marahaba baba. Na hawa wageni wako umewasafirisha na kiu?"

Akawatia kwenye beseni kubwa, akafungua kisima, akavuta ndoo nzima. Akawamiminia.

Mzee Lukasi akatokea, uso umefunguka. "Ongeza dada, ongeza, wapumue."

Akaongeza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini unamwambiaje mama mkwe wa Newala, kiangazi, amwage maji yake ya kunywa? Kwa siku ya kwanza? Nikakaa.

Mjomba akaanza kuniuliza ukoo wetu, kwetu hasa ni wapi, mjomba wangu mimi ni nani. Nikawa najibu neno moja moja, macho yapo kwenye beseni. Mapovu yalipanda, kisha yakapungua. Kaa mmoja alipanda juu ya wenzake akitafuta ukingo, akateleza. Mwingine miguu ikalegea.

"Kijana, unazungumza na mimi au na beseni?"

Nikasimama. Nikashika beseni, nikalipindua.

Maji yote yakaenda chini. Udongo wa Newala haukusubiri, uliyanywa palepale.

Kaa mmoja kamba yake ilikuwa imelegea, akaondoka ubavu ubavu kuelekea kwenye kiti cha mjomba. Mjomba, mtu wa bandari, akapandisha miguu yote miwili kitini.

"Ndoo zangu mbili," Mama Fidea akasema.

"Una wazimu?" mjomba akauliza akiwa juu.

Sijui ulimi wangu uliamkia wapi. Nilieleza yote. Kijiti, mayai, gunia, hewa, chumvi. Niliongea mpaka Fidea akanishika shati nikae.

Mjomba akakohoa. "Hayo mimi nayajua. Bandarini sisi tuliwaweka kwenye gunia bichi."

"Sasa mbona ulimwambia mama aongeze?" Fidea akamuuliza.

"Nilikuwa nampima huyu."

Watu wote uani wakacheka, isipokuwa mmoja.

Wawili walikuwa wameshakufa, tukawatupa. Waliobaki walipikwa kwa nazi, pembeni ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Mjomba alikula mpaka akaacha kusimulia habari za bandari. Akafuta mikono, akasema, "Waambie wazee wako waje."

Ndiyo hivyo, nimekubaliwa.

Lakini Mama Fidea hakugusa kaa hata mguu mmoja.

Asubuhi nikaazima baiskeli na madumu, nikapanga foleni bombani na kina mama. Habari ilikuwa imenitangulia, wakawa wananiita Bwana Beseni. Nikarudi na madumu yamejaa, mengi kuliko niliyomwaga.

Mama Fidea akayapokea kwa mikono miwili. "Asante baba. Haya ni ya bomba. Yale yalikuwa ya mvua, nilikuwa nimewawekea wazee wako siku watakapokuja."

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso.

Nililojifunza: kaa anataka unyevu na upepo, hataki kuogelea kwenye ndoo. Na neno la kumwambia mkwe liseme wakati ndoo bado iko kisimani.

Wazee wangu wanapanda Newala wiki ijayo na mvua bado. Wenye wakwe kule, niandikieni. Niende na nini mbele ya yule mama? Msiogope kuandika marefu, nasoma polepole lakini namaliza.